Onyesha Nafasi

Kabla sijasema lolote kuhusu baba yangu, niseme kwanza kuhusu rafu zake, maana ndizo zilizonifunga humu ndani.

Ni mbao na matofali tu. Tofali, ubao, tofali, ubao, mpaka karibu na dari, na zimemeza ukuta mzima wa chumba chetu hapa Bwaise, Kampala, kutoka dirishani hadi kona ya nyuma. Juu yake wamesimama dainosa. Si wa kweli, jamani. Wa kweli wangenila mapema nikapumzika. Ni sanamu, zile za plastiki ngumu zinazotengenezwa ng'ambo kwa ajili ya watu wazima wenye akili zao, zimepakwa rangi hadi kwenye kucha. Baba yangu, Sajini mstaafu Saverio Okidi, amezipanga kama alivyokuwa akiwapanga makuruta uwanjani: wafupi mbele, warefu nyuma, na yule mwenye miiba mgongoni pembeni kulia kabisa, kwa sababu huyo, alikuwa akisema, ndiye afisa wa zamu.

Alikuwa akisema. Sasa hasemi. Kiharusi kilimkuta mwaka juzi kwenye kazi yake ya uzeeni, ulinzi wa mlango wa duka la vitu vya watoto, na ndiko ugonjwa huu mwingine wa dainosa ulikomwanzia. Kilichukua upande wake wa kulia na maneno yote. Anasikia kila kitu na anaelewa kila kitu, ila akifungua kinywa hutoka sauti ileile moja, na ukimpa kalamu mkono wa kushoto anachora mikwaruzo mpaka analia. Tumebaki na kijiko. Anagonga kijiko kwenye ubao wa kitanda: mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Hayo ndiyo mazungumzo yetu.

Mimi ni Aciro, binti yake wa pekee. Jina hilo kwa Kiacholi ni la mtu aliyevumilia, na mtu akinikumbusha siku hizi tutagombana. Mama alikuwa Mnubi wa Bombo, Halimah, mwanamke wa swala tano, na Baba ni Mkatoliki wa rozari. Walikutana kambini na wakaniachia Kiswahili cha kambini, hicho ndicho tunachotumia kugombana humu ndani. Mama alifariki kabla hatujahama kambi. Kwa hiyo tuko wawili, na dainosa.

Zamani nilikuwa naoka mikate Nakawa, kwenye tanuri kubwa, nikiwa na watu chini yangu. Sasa nakaanga mandazi mlangoni, kwa sababu mlangoni ndio mwisho wa safari yangu. Nikivuka hapo sisikii kijiko. Bombani naenda mbio. Nikienda dukani, jirani yangu Munirah ananishikia mlango huku akilalamika kwamba sufuria yake inaungua. Harusi nazisikia kupitia vipaza sauti vya watu wengine, na nyimbo zote za harusi nazijua kwa njia hiyo.

Mwezi huu Goretti alinipigia simu. Tulioka pamoja Nakawa, yeye akarudi Gulu, kaskazini, akafungua kiwanda chake cha mikate.

"Tanuri iko tayari, Aciro," aliniambia. "Mimi hapana weza peke yangu. Nataka wewe simamia wale vijana. Mimi nangoja mpaka Jumamosi. Baada ya hapo nachukua mtu mwingine, tafadhali bambi, usinikasirikie."

Niliitaka kazi hiyo kiasi kwamba usiku niliota harufu ya hamira. Mtu wa kumwangalia Baba yupo, usidhani hayupo. Ni Ayot, dada yake, mjane wa Kitgum, ambaye sisi humwita Waya kama Waacholi wanavyomwita shangazi. Yuko tayari kuja hata kesho. Lakini Waya ni mwanamke wa mwili na ana kiuno kibovu. Alipokuja mara ya mwisho nilimlaza kwenye makochi mawili yaliyounganishwa, ambayo ndiyo kitanda changu mimi, na asubuhi mimi na Munirah tulimnyanyua kama gunia la mkaa.

"Mimi nakuja," anasema kila nikimpigia. "Lakini hapana lala kwa kiti kama kuku. Nipe kitanda, nakuja."

Na chini hakulaliki. Huku kwetu mvua ikinyesha kweli mfereji unafurika na maji yanaingia ndani bila hodi, ndiyo maana kitanda cha Baba kimepandishwa juu ya matofali. Kitanda cha pili tunacho. Ni cha chuma, cha marehemu Mama, tulitoka nacho kambini. Kimefunguliwa vipande, kimefungwa kamba, kinaning'inia chini ya kitanda cha Baba. Kinachokosekana ni mahali pa kukisimamisha. Nimepima kwa kamba mpaka kamba imechakaa. Kando ya mlango hakiingii, katikati kinaziba njia. Kinaingia mahali pamoja tu, na mahali hapo pana dainosa.

"Si uwaondoe?" Munirah huniuliza, kana kwamba anazungumzia panya.

Nawaondoaje? Mtu amepoteza mguu, mkono na ulimi, halafu binti yake amnyang'anye na gwaride lake? Kamis, mwenyekiti wa kikundi chao cha wakusanyaji, muuza matairi Nakawa, alikuja kumwona Baba alipotoka hospitali. Aliniambia pale kitandani kwamba ghorofani dukani kwake kuna ukuta mkavu, na kwamba sanamu za Afande zinaweza kukaa huko zikitunzwa vizuri. Nilimjibu palepale kwamba Baba hatakubali. Nilijibu haraka mpaka Kamis akanitazama, kisha akanywa chai yake.

Hicho kikundi kipo kwenye simu ya Baba, ambayo sasa naishika mimi, na kwa hiyo upuuzi wao wote unapitia machoni pangu. Kuna kiwanda kidogo ng'ambo ambacho kila mwaka huwauliza wakusanyaji wa kila nchi: mwakani mngependa tutoe mnyama gani? Kampala inapeleka ombi moja. Moja tu. Basi hapo ndipo utawaona wanaume wenye wake na wajukuu wakitoleana maneno.

Siraje anataka tireksi mwingine, wanamzomea, tireksi wamejaa mpaka kwenye sabuni za watoto. Mwingine anadai kiwanda kiache kuwapa wanyama miguu mikubwa kama wamevaa gambuti, eti wanyooshe mkia vizuri na mnyama atasimama mwenyewe. Cleopas, ambaye ni mwalimu, anataka mwenye manyoya. Anatuma ujumbe wa sauti mrefu, na kwa kuwa ni Mganda asili, L na R zake zinabadilishana viti kama watoto wa shule: "Banange, jamani, manyoya ni raha ya macho, acheni ngozi ya mamba, tumechoka na langi ya kijani!" Kamis anamtaka yule mrefu wa shingo aliyechimbuliwa Tendaguru, kule Lindi, mifupa yake ikabebwa hadi Ujerumani. "Ile ya kwetu Afrika Mashariki," anasema, "na watoe kubwa kabisa, kubwa kupita zote. Sisi napewa vidogo siku zote, kwa nini?"

Na Baba? Baba kila mwaka aliomba kitu kimoja na kila mwaka alishindwa. Aliomba mnyama aliyelala. Alisema sanamu zote zimeachama, zinanguruma, zinakimbia, zinapigana, na yeye alikuwa polisi maisha yake yote, anajua kwamba hata mkorofi ana saa ya kulala. Alitaka mmoja aliyejikunja, mkia umezunguka pua, macho yamefumbwa. Walimcheka. Yeye naye alicheka, na mwaka uliofuata akaomba tena.

Wana sheria moja ambayo lazima niieleze. Inaitwa onyesha nafasi. Miaka ya nyuma mwenzao mmoja aliomba mnyama mkubwa, akawashawishi wote, kiwanda kikatoa, sanduku likafika. Mwenyewe akasema nyumbani hakuna mahali na mke amekataa. Kamis alibaki na sanduku hilo dukani, wateja wakalifanya kiti. Ndipo Baba akasimama na kutunga sheria kwa sauti yake ya gwaride: mtu akitaka kuomba, kwanza apige picha ya nafasi tupu mahali mnyama atakaposimama, na katikati ya nafasi aweke kiberiti, watu wauone ukubwa. Hakuna nafasi, hakuna ombi. Usiombe kitu ambacho hujakitengea mahali. Sheria hiyo wanaifuata mpaka leo. Ukiingia kwenye kikundi msimu wa maombi utakuta picha za rafu tupu na viberiti, rafu tupu na viberiti, kama duka lililoibiwa.

Tangu kiharusi Baba hajapiga kura. Mwaka huu kura zilifungana, nusu kwa mwenye manyoya, nusu kwa mrefu wa Tendaguru, na mwisho ulikuwa Jumamosi, siku ileile ya Goretti. Ijumaa Kamis akapiga simu.

"Dada Aciro, Mzee iko sawa? Tunataka kura yake. Wewe muulize, yeye nagonga, si nagonga? Na nafasi pia, sheria ni yake mwenyewe."

Nilikuwa na unga mikononi na Gulu kichwani, na huyu ananiambia habari za kura. Lakini nilimwuliza. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikamshikia simu mbele ya uso.

"Baba, nasikia? Kamis nataka kura yako. Huyu ya manyoya?"

Mara mbili.

"Ya shingo ndefu?"

Mara mbili.

"Sasa ile yako, ya kulala?" Hapo nilitabasamu kabisa, maana jibu nilikuwa nalo.

Mara mbili. Tena kwa nguvu.

Nilishangaa. Nikamwonyesha picha zote zilizokuwa kwenye simu. Mwenye tanga, hapana. Mwenye pembe, hapana. Wa kuruka, hapana, ingawa huyo nasikia si dainosa na sikupaswa hata kumtaja. Mvua ikaanza kugonga mabati, nikawa nauliza kwa kelele na yeye anagonga kwa kelele, na macho yake yamenikazia kama mimi ndiye kuruta aliyevaa kofia upande.

"Sasa wewe nataka nini, Baba? Mimi hapana soma kichwa ya mtu!"

Alitoa ile sauti yake. Akajaribu tena, shingo ikamtoka mishipa. Nikageuka nikaenda kuangalia mlango.

Mvua ya Bwaise unaijua kabla haijafika miguuni, mfereji unaanza kunuka. Niliweka gunia la mchanga kizingitini, nikapandisha jiko juu ya meza, nikapandisha unga, nikapandisha viatu. Munirah alipiga kelele kutoka upande wa pili wa ukuta kwamba kwake yameshaingia. Kisha yakaingia kwetu, meusi, yakiwa na kandambili ya mtu. Hakuna pa kwenda maji yakiwa hivyo. Unakaa. Unakaa na uliyekaa naye siku zote, kwenye chumba kilekile, na sasa hata sakafu umenyang'anywa.

Nilisimama katikati, maji yananifika kwenye kifundo, nikawatazama wale wanyama. Wote wakavu. Wote wameachama. Nitasema wazi nilichohisi: niliwachukia. Na nilimchukia kidogo na aliyewapanga, na papo hapo nikamwonea huruma, na huruma ile ndiyo iliyonichosha kuliko chuki. Kesho Goretti atachukua mtu mwingine. Nitakaanga mandazi mpaka nizeeke, na siku moja na mimi nitalala hapo nikigonga kijiko, sijui kwa nani.

Kijiko kikagonga. Nikageuka. Baba alikuwa amenyoosha mkono wa kushoto, kijiko kikielekea mezani, kwenye vitu nilivyopandisha.

"Unga?" Mara mbili. "Njaa?" Mara mbili. "Jiko?" Mara mbili.

Kando ya jiko palikuwa na kiberiti.

"Kiberiti?"

Mara moja.

Basi nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Ni sheria yake. Kwanza nafasi, ombi baadaye. Mzee anafuata utaratibu hata maji yakiwa ndani ya nyumba. Nilicheka bila kutaka. Nikachukua kiberiti, nikaenda kwenye rafu, nikamwondoa mmoja mdogo wa safu ya juu na kuweka kiberiti mahali pake.

"Hapa?"

Mara mbili.

Nikaondoa wawili zaidi. Mara mbili. Nikaondoa safu nzima ya juu, nikaipanga kwenye beseni la kufulia. Mara mbili. Kijiko chake kilikuwa kikienda ukutani kutoka kona hadi kona, polepole, kama mtu anayepaka rangi.

"Yote?"

Mara moja.

Hapo ndipo hasira ilinipanda kweli. Nilijua ni nani. Ni yule mrefu wa Tendaguru, mkubwa kupita wote, ambaye Cleopas alisema kwa utani kwamba akitoka atahitaji benchi zima la kanisa. Alipomkataa kwenye simu ni kwa sababu picha ilikuwa ya mdogo, na Baba hataki mdogo. Anataka jitu. Anataka kuwafukuza hawa wote ili alete mmoja anayejaza ukuta mzima, na mimi niendelee kulala kwenye makochi chini ya shingo yake.

Sawa. Nilimwambia sawa, Afande. Nikaanza kubomoa.

Nilibomoa kwa hasira lakini kwa mikono ya mtu aliyefundishwa, sikumvunja hata mmoja ukucha. Nilijaza beseni, nikajaza ndoo, nikajaza lile gunia safi la unga, nikajaza makochi yangu mpaka hapakuwa na mahali pa kukaa. Yule afisa wa zamu mwenye miiba nilimweka Baba kifuani, naye akamshika kwa kidole kimoja bila kumtazama, macho yako kwangu. Safu zilipokwisha, kijiko kikaonyesha mbao zenyewe. Nikatoa mbao. Kikaonyesha matofali. Nikatoa matofali, moja moja, nikiyarundika kwenye maji karibu na kitanda, mgongo unawaka, jasho na mvua ya dirishani vimechanganyika. Mvua ilikuwa imekwisha nguvu nilipomaliza. Ukuta ulibaki mtupu, una alama za vumbi mahali rafu zilipokaa, na ulikuwa mrefu kuliko nilivyoukumbuka.

Niliegesha ubao mmoja juu ya matofali mawili, nikaweka kiberiti juu yake, katikati ya ule utupu. Nikapiga picha.

"Nafasi hii hapa," nikasema. "Mimi nimeonyesha. Sasa taja, Baba. Mnyama gani iko na urefu kama hii? Eh? Gani?"

Hakugonga. Alimweka yule wa miiba kando ya mto, taratibu, asimame vizuri. Kisha akanyoosha mkono, lakini si kuelekea ukutani wala kwenye simu. Aliuteremsha ubavuni mwa kitanda, chini, chini zaidi, bega likamvuta mpaka nikadhani anaanguka nikaruka kumshika. Akagonga huko chini.

Haukuwa mlio wa mbao. Ulikuwa wa chuma.

Nikainama, nikachungulia chini ya kitanda.

"Kitanda ya Mama?"

Mara moja, kwenye chuma.

"Ya Waya kulala?"

Mara moja.

Nilikaa kwenye rundo la matofali kwa sababu makochi yalikuwa yamejaa. Nikakumbuka simu zote nilizompigia Waya, humuhumu ndani, hatua chache kutoka kwenye masikio yake. Rafu, Waya. Ni rafu za Mzee. Kama si rafu za Mzee. Nikamkumbuka Kamis na chai yake, akisema ukuta mkavu upo, na mimi nikimjibia mtu aliyelala pale pale anasikia. Kila asubuhi nilimuuliza kama uji una sukari ya kutosha. Nilimuuliza redio ipi, shati lipi, dirisha lifungwe au lisifungwe. Hili sikumuuliza hata siku moja, na sasa nilijua kwa nini. Kwa sababu angegonga mara moja, na mimi ningekosa sababu ya kubaki.

Nililia, na sikulia vizuri. Baba alinigonga kichwani kwa kijiko, kidogo tu, kama alivyokuwa akifanya nikiwa mtoto nikichelewa chakula.

Nilipojifuta nilimtumia Waya ile picha. Kisha, kwa kuwa sheria ni sheria, nikaituma na kwenye kikundi. Simu ikaanza kuruka.

"Banange," Kamis akatuma sauti, "huyu ni mnyama gani Afande nataka? Ni ukuta nzima!"

Nikamwandikia: Ni shangazi yangu. Nikamweleza kwa kifupi, nikamwomba ule ukuta wake wa ghorofani kama bado upo. Halafu Kamis akasema kesho asubuhi anakuja na pikapu, maji yakiruhusu, na kwamba hatagusa mpangilio, afisa wa zamu atakuwa kulia. Cleopas akasema kura ya Mzee ihesabiwe vipi, mtu akamwambia anyamaze. Siraje, yule wa tireksi, akaandika kwamba yeye kura yake anaipeleka kwa mnyama aliyelala. Mwingine akaandika na mimi. Sikungoja kuona mwisho wake.

Kwa sababu Waya alikuwa ameshajibu. Ujumbe wake wa sauti ulikuwa mfupi, nyuma yake mbuzi wanalia: "Nimeona kitanda yangu iko wapi. Mimi nafunga begi. Basi ya asubuhi."

Nilifungua mlango nikatoa gunia la mchanga. Maji yakaanza kutoka, polepole, yakiichukua ile kandambili ya mtu. Jua lilikuwa limetoka upande wa barabara ya Bombo, na Munirah alikuwa mlangoni kwake na ufagio akiwalaani waliochimba mfereji. Nilisimama kizingitini na simu ya Baba mkononi. Jina la Goretti lilikuwa pale kwenye kioo, kilichobaki ni kubonyeza.

Sikubonyeza. Nilianza kufikiri kuhusu tanuri, na kwamba mikono imesahau. Nikafikiri kuhusu wale vijana, watanicheka. Nikafikiri Waya hajui kumgeuza Baba bila kumuumiza bega, hajui kwamba akigonga harakaharaka ni kikohozi na si hasira. Nikafikiri Baba atakufa mimi nikiwa kwenye unga. Nikatafuta kisingizio pale macho yangu yalipozoea kukitafuta, ukutani, na ukutani hapakuwa na kitu. Palikuwa na kiberiti juu ya ubao.

Nyuma yangu kijiko kiligonga mara moja.

Sikuwa nimeuliza chochote. Niligeuka nikamtazama. Alikuwa amefumba macho, mkono wa kushoto umelala juu ya yule mwenye miiba, mdomo umefungwa, anapumua taratibu, na kijiko kilikuwa kimeshaanguka kwenye shuka.

Nikabonyeza jina la Goretti. Simu ilipoanza kuita, nikavuka kizingiti.